Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Ushirika wa Alhamisi

Mimi ni katibu wa ushirika huu. Maswali haya nimeyaokota mlangoni, kwenye matatu na kwa simu za usiku, nikawa nayaandika nyuma ya daftari la mahudhurio hadi kurasa zikaisha. Pale jibu linapogusa swali lingine nimetaja namba yake.

## Kwanza kabisa

1. Nyinyi ni kanisa gani?

Si kanisa. Hatuna mchungaji, hatubatizi, hatufungishi ndoa, hatuziki, hatupokei fungu la kumi. Ni watu kumi na wanne, au tisa mvua ikinyesha na matatu zikipandisha nauli, tunaokutana sebuleni mwa mmoja wetu mtaani Umoja, Nairobi, kila Alhamisi jioni. Jumapili kila mtu yuko kwao: Katoliki, ACK (Anglikana), PCEA (Presbiteri), Pentekoste, Jeshi la Wokovu. Wawili ni Wasabato, na kwao ni Jumamosi.

Ndiyo, jina la mtaa linachekesha. Hatukulichagua, tuliletwa na kodi nafuu.

2. Lazima niwe nimeokoka?

Swali hili lenyewe hutupa kazi. Mkatoliki akiulizwa "Umeokoka?" husikia kama anaulizwa iwapo ameshaacha kanisa lake. Mpentekoste naye hushangaa mbona mwenzake anasitasita kujibu jambo rahisi hivyo. Kwa hiyo mlangoni hatuulizi. Ukimwamini Yesu Kristo, au ukiwa unamtafuta kwa dhati, na ukikubali kuulizwa maswali ya swali la 8, karibu.

3. Umoja wa makanisa si kazi ya maaskofu?

Ni kazi yao, na wameifanya hapa hapa kwetu kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Juni 1913, wamishonari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wa Africa Inland walikutana Thogoto, Kikuyu, kwenye misheni ya Waskoti, wakipanga namna ya kushirikiana. Mkutano ulipofungwa, Askofu wa Kianglikana wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Kipresbiteri, na wajumbe wengi wakapokea. Habari zilipomfikia Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliwashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, yeye wa Mombasa na mwenzake wa Uganda, kwamba ni wazushi. Ugomvi ukavuka bahari, Uingereza nzima ikabishana juu ya kipande cha mkate kilicholiwa Kikuyu.

Umoja waliouwazia haukutimia, lakini mbegu haikuoza. Muungano wa misheni ulioundwa 1918 ndio ulioanzisha shule ya Alliance 1926, na hilo jina limetoka hapo. Baraza la makanisa ya Kenya, NCCK, huhesabu umri wake tangu 1913. Na mwishoni mwa 1975 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu wa tano katika ukumbi wa KICC, Nairobi, jengo likiwa bado jipya.

Hayo yote ni ya juu. Huku chini kulikuwa na njia nyingine, nasi twadaiwa zaidi na hiyo. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, na Mganda Simeoni Nsibambi walisoma Biblia na kuomba pamoja Namirembe, Kampala. Uamsho uliofuata ulipitia Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya 1937. Watu wake, Ahonoki kwa Kikuyu, yaani waliookoka, hawakuanzisha kanisa. Walibaki katika makanisa yao, wakakutana katikati ya wiki, wakatajiana dhambi kwa majina yake. Hilo waliliita kutembea nuruni. Upande wa Katoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi 1973 na tena 1976 waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndizo zitakuwa msingi wa kazi yao ya kichungaji. Mama yetu mmoja wa Kikatoliki amekuwa kwenye jumuiya tangu utoto. Tulipomweleza "wazo letu jipya" la kukutana nyumbani, alituitikia kwa adabu huku akimimina chai.

4. Alhamisi hufanyika nini hasa?

Saa kumi na mbili na nusu jioni chai imeshachemka. Tunasoma sura moja ya Biblia mara mbili, kwa wasomaji wawili. Halafu kimya cha dakika tano, ambacho Wapentekoste wetu mwanzoni walikiona kirefu kuliko kesha. Halafu watu hugawanyika wawili wawili, kila mtu na mwenza aliyepangiwa (swali la 7): hawa jikoni, wale ngazini, wengine kwenye baraza ndogo ya kuanikia nguo. Nusu saa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, yaliyotangulia ni kupasha moto.

Tunafunga kwa Baba Yetu, na hapo mgeni husikia mgawanyiko wa Kanisa kwa masikio yake. Tunakwenda pamoja hadi "jina lako litukuzwe". Kisha nusu wanasema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", na nusu "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe". Ni kelele tupu. Tunakutana kwenye "utupe leo", tunaachana papo hapo, hawa wakiomba mkate wa kila siku na wale riziki. Mwishoni Wakatoliki wanasema Amina na kunyamaza, wengine wakiendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako", maneno ambayo katika misa huja baadaye kidogo, baada ya padri kusali.

Tuliwahi kuchapisha Baba Yetu mmoja wa pamoja. Karatasi zilidumu wiki tatu, zikaishia kufungia mandazi. Siku hizi tunasubiriana tu.

## Kukua

5. "Kukua kiroho kwa kukusudia" maana yake nini?

Ni kulitaja jambo moja kwa jina, mbele ya mtu mwingine, na kukubaliana siku atakayokuuliza. "Nataka kumkaribia Mungu" bado si kusudio. "Nikitoka kazini sitamfokea mke wangu, niulize Alhamisi" ni kusudio.

Kila miezi mitatu tunaandika jambo moja kwenye kikaratasi. Mgeni huja na saba: kufunga, kuamka saa kumi alfajiri, kusoma Biblia yote, kuacha soda. Tunamrudishia karatasi.

6. Mbona nisikue peke yangu na Biblia yangu?

Kwa sababu nyani haoni kundule, na wahenga hawakuwa wakiwasema wapagani pekee. Yakobo 5:16 inasema tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi. Ukisoma peke yako ni rahisi kuuruka mstari huo, maana haufanyiki ukiwa peke yako.

Lakini swali ambalo watu hawalisemi ni hili: kwa nini mtu wa kanisa *lingine*? Nitajibu kwa yaliyonipata. Mimi ni Mwanglikana. Tangu ujana nimeungama kila Jumapili kwamba nimetenda yasiyonipasa, kwa sauti nzuri, pamoja na watu mia tatu, bila kutaja hata moja. Mwenza wangu wa kwanza hapa, Mpentekoste fundi wa friji, alinisikiliza nikiyasema hayo ngazini, akauliza, "Yapi?" Nilikaa kimya muda mrefu kuliko zile dakika tano.

Yeye naye alikuwa na pa kujificha. Kwao mtu husimama kila wiki kutoa ushuhuda, na ushuhuda huhitaji ushindi. Mwaka ule duka lake lilikuwa likifa, na hakuwa na mahali pa kusema kwamba Mungu alikuwa kimya. Alilisema kwangu, kwa sababu kwetu kuna zaburi za kulia na huwa tunazisoma zilivyo. Mtu wa kanisa lako anaijua lugha unayojifichia, kwa kuwa naye hujifichia humo humo.

7. Mwenza huchaguliwaje?

Hupangiwa na katibu, kwa miezi sita. Awe wa jinsia yako, wa kanisa lingine, asiwe ndugu, asiwe bosi wako, wala mwenye nyumba wako. Hilo la mwisho tuliongeza baada ya kumpanga mpangaji na mwenye nyumba bila kujua. Kwa wiki sita waliombea kodi.

8. Ataniuliza nini?

Jambo uliloandika limeendaje. Wiki hii uliomba lini na wapi (ukisema "njiani tu", atauliza njia ipi). Nani umemkosea na hujamwendea. Na mwisho: kati ya haya uliyonijibu, umenidanganya wapi?

Si uvumbuzi wetu. Wamethodisti wa kwanza walikuwa wakikutana katika madarasa ya watu kama kumi na wawili tangu 1742, wakiulizana hali ya nafsi zao wiki baada ya wiki.

9. Nikishindwa tena na tena mtanitoa?

Hapana. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi hutukimbia.

Kijana wetu mmoja, fundi wa umeme, aliandika "kamari ya simu". Mwezi wa kwanza hakucheza. Mwezi wa pili alicheza mshahara wote kabla ya Jumapili, akaacha kuja, na simu hakushika. Mwenza wake, mzee Mpresbiteri asiye na maneno mengi, hakumtumia mistari. Alikwenda kumngoja kwenye kituo cha matatu. Wakala ugali kibandani. Wakakubaliana kwamba kila tarehe ya mshahara watatembea pamoja kutoka kituoni hadi nyumbani, na kabla hawajafika mlangoni kijana awe ametuma kodi na pesa za mamake kijijini. Ya kubaki ni yake.

Imechukua mwaka na nusu. Ameanguka mara tatu katika muda huo, mara ya mwisho wakati wa Kombe la Dunia. Bado anakuja. Wagalatia 6:1 husema aliyeghafilika arejezwe "kwa roho ya upole", na upole ule ulikuwa na miguu.

Tunachokataa ni mtu anayekuja miezi sita bila kutaja jambo lolote. Huyo tunamwambia kwa heshima kwamba ibada ya Jumapili inamtosha.

10. Siri zangu zitafika wapi?

Kwa mwenza wako, basi. Hatuandiki, hatuweki kwenye kikundi cha WhatsApp, hatusimulii hata kwa mke au mume. Na haturuhusu udaku uliovaa joho la maombi: "Tumwombee ndugu fulani, anapitia mambo fulani nyumbani." Nasema hivi kwa sababu niliwahi kufanya hivyo, nikiomba kwa sauti, mwenyewe akiwa chumbani. Nilimwomba msamaha siku ile ile. Alinisamehe, lakini hakurudi. Kuna mpaka mmoja wa siri, tazama swali la 18.

## Tofauti zetu

11. Mnatumia Biblia ipi?

Yoyote uliyo nayo. Wengi wana ile ya Muungano ya 1952, iliyochukua nafasi ya tafsiri mbili, ya Mombasa na ya Unguja. Kumbe hata Biblia yetu ilibidi ipatanishwe. Ya Wakatoliki ina vitabu 73, ya Waprotestanti 66. Anayeongoza huchagua kutoka vile 66 ili kila mtu aweze kufungua. Siku moja mama wa jumuiya alitusomea kutoka Biblia yake sura ya 6 ya Yoshua bin Sira, kitabu kisichomo katika vile 66, kuhusu rafiki mwaminifu. Wawili waliinakili.

12. Je, mnashiriki Meza ya Bwana pamoja?

Hapana, na hili ndilo linalotuuma kuliko yote.

Kanisa Katoliki haliwapi komunyo Wakristo wa makanisa ya Kiprotestanti isipokuwa katika hali za pekee sana, wala haliruhusu waumini wake kupokea kwao. Waanglikana na Wapresbiteri huwakaribisha waliobatizwa wa makanisa mengine. Jeshi la Wokovu halina mkate wala divai kabisa, sawa na Marafiki, yaani Waquaker. Sisi sebuleni hatuna mamlaka ya kumaliza jambo hilo, na tukijifanya tumelimaliza tutakuwa tumewadharau watu kumi na wanne na makanisa yao. Mara moja mgeni alishika mandazi na kikombe cha chai, akasema kwa nia njema, "Si hii tu ni sakramenti?" Mkatoliki na Mpresbiteri walikataa kwa pamoja. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana juu ya sakramenti.

Mwaka jana tulikwenda misa ya kipaimara ya mtoto wa mwenzetu. Wakati wa komunyo mstari ulipita, nasi tukabaki benchi zima tukitazama migongo. Kutoka nje hakuna aliyelitaja. Tulipewa pilau.

13. Nikibadili kanisa nitabatizwa tena?

Hilo waulize unakokwenda. Kwa kifupi, Katoliki, Waanglikana na Wapresbiteri hawarudii ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wabaptisti, Wapentekoste wengi na Wasabato hubatiza kwa kuzamisha mtu aliyekiri imani mwenyewe, kwa hiyo ubatizo wa utotoni hawauhesabu.

14. Na Wasabato wanawezaje?

Vizuri. Hatupangi kitu kuanzia Ijumaa jua likitua hadi Jumamosi jioni.

15. Vipi kuhusu Bikira Maria, kunena kwa lugha, pombe?

Tuna kanuni moja: fundisho huelezwa na anayeliamini. Mpentekoste haruhusiwi kutuambia Wakatoliki wanaamini nini kuhusu Maria. Mkatoliki yupo pale, aulizwe. Tukianza hivyo mabishano mengi hufa njaa, na yanayobaki ni ya kweli. Haya ya kweli hatuyamalizi. Hata wakubwa huchukua muda: Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki mbele za Mungu 1999, baada ya miaka zaidi ya 450 ya kurushiana maneno.

## Hali ngumu

16. Mchungaji wangu hataki nije.

Mwendee, umweleze tunachofanya, umpe majibu haya. Kuna hofu ya haki ndani yake: Nairobi vikundi vya maombi vimeibia makanisa waumini mara nyingi. Mwalike aje aketi. Wachungaji wawili wamekuja, mmoja alikubali, mwingine akasema hapana. Muumini wa huyo wa pili tulimshauri amtii mchungaji wake. Wengine kati yetu bado hawakubali ushauri huo, nami siku nyingine siukubali.

17. Nimeanza kulipenda kanisa la mwenza wangu kuliko langu.

Huwatokea wengi mwezi wa tatu hivi. Kwa mbali majani ya jirani ni mabichi. Tunaomba usubiri mwaka mmoja, na katika mwaka huo upeleke kwenu kile unachokipenda kwao. Ukitamani kuomba kwa uhuru, anza maombi ya asubuhi parokiani. Baada ya mwaka, dhamiri yako ni yako. Mmoja amehama tangu tuanze. Aliagana na padri wake ana kwa ana, hakutoroka.

18. Mwenza wangu akikiri jambo la jinai?

Kama kuna mtoto au mtu yeyote anayeumizwa, au anayeweza kuumizwa, siri imekwisha. Mwambie hivyo uso kwa uso, kisha piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au 1195 kwa ukatili wa kijinsia, au nenda polisi. Usiite kikao cha upatanisho kwanza. Tunamweleza kila mgeni jambo hili siku ya kwanza, kabla hajasema lolote.

19. Nitajuaje hamtanipotosha?

Tangu Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, swali hili huulizwa na karibu kila mgeni, na ni haki yao. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa.

Angalia haya popote, si kwetu tu. Je, wanakutenga na jamaa na kanisa lako? Wanakukataza hospitali au shule? Kuna mtu mmoja asiyeulizwa maswali? Hapa katibu naye ana mwenza, na mwenza wangu wa sasa, Msabato, hanionei huruma. Daktari akikupa dawa, meza. Ukifunga, mwenza wako ajue unaanza lini na unafungua lini.

20. Mchumba wangu ni wa kanisa lingine. Mtatusaidia?

Kufungisha, hapana. Kuzungumza, ndiyo. Mkatoliki anahitaji ruhusa ya askofu wake kufunga ndoa na Mkristo asiye Mkatoliki, na huahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake lazima ajulishwe ahadi hiyo. Mzungumze kabla ya kulipa ukumbi. Tumeona wachumba wakipanga keki ya ghorofa tano na hawajui mtoto wa kwanza atabatizwa wapi.

21. Naweza kukopa kwa mwenza wangu?

Usikope. Chakula tunagawana, msiba tunachanga, mkopo hapana. Mwenza anayekudai hatakuuliza swali la nne la namba 8 kwa moyo mmoja.

22. Nafanya kazi usiku.

Walinzi na wauguzi wetu wana wenza wao tu, wanakutana saa moja asubuhi zamu ikiisha. Wawili hukutana kwenye kibanda cha chai karibu na geti la hospitali. Hao wanatosha.

23. Nije na nini?

Biblia, kalamu, na kikombe chako. Vya mwenye nyumba ni kumi na viwili, na viwili havina mkono. Lifti hakuna, ni ghorofa ya nne. Ukisikia watu wakisali Baba Yetu bila kupatana maneno, umefika, ila umechelewa.